Shajara ya gereji ya nyumbani, Kibaha: impakti ya upepo au ya betri?

Wadau, zege la sakafu limeshakauka, mabati yako juu, taa zinawaka, kwa hiyo mambo ya ujenzi naweka pembeni kidogo sasa tuingie kwenye vifaa. Cha kwanza ni impakti, ile mashine ya mkononi inayofungua na kukaza nati kwa kugonga, wengi tunaiita bunduki. Gari zinazongoja hapa ni mbili, Noah ya nyumbani na Hilux ya kaka yangu ambayo imekaa Bagamoyo miaka mingi inakula upepo wa chumvi, na nati zake za chini zimeshikana hasa, zile za yuboti (boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) na pini za springi ukiziangalia tu unajua hapa wili spana na bomba peke yake watu wataumia mgongo.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake tayari. Mmoja anasema chukua ya upepo ndo ya mafundi, mwingine anasema dunia imeshahamia kwenye betri, na wote ukiwasikiliza wanabishana kwa namba za Nm (kipimo cha nguvu ya kuzungusha nati) zilizoandikwa kwenye boksi. Mi nimeamua nianzie kwingine kabisa, nianzie kwenye kile kinachoilisha hiyo bunduki, maana bunduki ya upepo bila upepo wa kutosha ni chuma tu kizito mkononi.

Jumamosi, kwa mzee wa pancha

Nimepita kwa mzee mmoja anafunga tairi za malori pale barabara ya Morogoro, ni fundi wa siku nyingi sana. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, nikamwambia shida yangu akacheka akasema, "Wewe unaulizia bunduki, ungeulizia mtungi kwanza. Nguvu haikai kwenye bunduki."

Kompresa yake, yaani mashine inayobana hewa mtungini, ni ya injini ya petroli, ya mkanda, silinda mbili, mtungi wake mrefu kama kitanda. Nati za lori la tairi kumi zinakazwa karibu 600 Nm na yeye anafungua tairi baada ya tairi kutwa nzima bunduki haipati joto, na hapo ndipo upepo unapostahili heshima yake kwa sababu hewa ikitanuka ndani ya mota inapoa, kwa hiyo kadiri unavyoibana ndivyo inavyozidi kuwa ya baridi mkononi, wakati mota ya umeme kadiri unavyoibana ndivyo inavyochemka. Alafu ndani hamna kitu cha kuogopa, ni rota na vile vibao vyake, vikiisha unabadilisha, ikianguka chini unaiokota kazi inaendelea. Kwa mtu wa kazi yake hamna mjadala hata kidogo.

Ila akaniuliza swali ambalo nimelala nalo: "Wewe kwa siku utafungua nati ngapi?"

Hesabu ya mtungi

Hii sehemu naiandika kwa urefu maana ndo imeamua karibu kila kitu.

Kompresa ambazo watu wengi wa nyumbani wananunua ni zile za lita 24 au lita 50, mota ya HP 2 (ambayo ni kama kilowati moja na nusu), presha ya juu bar 8. Bunduki ya nusu inchi (ndo upana wa kichwa kinachoingia kwenye soketi) inataka psi 90, yaani bar 6.2, na hiyo psi 90 inapimwa pale kwenye bunduki ukiwa umebonyeza triga, sio kwenye geji ya mtungi ukiwa umesimama unaiangalia. Sasa chukua mtungi wa lita 50. Kutoka bar 8 kushuka mpaka 6.2 una tofauti ya 1.8, zidisha kwa 50 unapata lita 90 za hewa ya kawaida. Hizo ndo lita zako zenye nguvu, zikiisha bunduki bado itazunguka na kupiga kelele ila nguvu imeondoka.

Boksi la bunduki litakuambia inakula futi za ujazo 4 au 5 kwa dakika, ukisoma unaona mbona ndogo tu. Hiyo mara nyingi ni wastani, wamepiga hesabu kwamba unabonyeza sekunde chache unapumzika muda mrefu. Ukiibonyeza mfululizo nyingi zinafika futi 20 kwa dakika na zaidi, na futi moja ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo hapo ni kama lita 566 kwa dakika. Gawa 90 kwa hiyo, unapata sekunde tisa hadi kumi. Sekunde kumi! Kompresa yenyewe itakuwa inajaza wakati huohuo ni kweli, lakini ile lita 200 kwa dakika iliyoandikwa ubavuni ni hewa inayovutwa na pistoni, inayotoka upande wa pili mara nyingi ni theluthi mbili hivi, kwa hiyo haiwezi kukimbizana na bunduki.

Kwa nati za tairi zisizo na kutu sekunde kumi zinatosha, tairi moja ina nati tano na kila moja ni sekunde moja au mbili. Tatizo ni nati iliyoshikana, ile inayotaka upige sekunde nane, kumi, kumi na tano bila kuacha, na hiyo ndo nati niliyonayo mimi kwenye Hilux. Yaani upepo mdogo unakuacha palepale unapouhitaji zaidi. Mtungi wa lita 100 unakupa mara mbili ya hapo, sawa, ila sasa unaongelea kompresa ya mkanda, uzito, nafasi, na bei nyingine kabisa.

Jumatatu jioni, umeme

Nimepima umeme wa huku kwa mita. Mchana uko vizuri, karibu na volti 230 zinazotakiwa. Jioni watu wakirudi majumbani, majiko, feni, pasi, unashuka chini ya 200. Kwa kompresa hii ni habari mbaya kwa sababu mota ya aina hii ikianza inavuta ampea mara tano hata saba ya zile za kawaida, na kama mtungi bado una presha na umeme ni mdogo mota inabaki inaunguruma tu haizunguki, hapo kapasita inaweza kwenda. Mi kazi yangu ya gereji naifanya jioni baada ya kutoka kazini na wikendi, kwa hiyo huo ndo umeme wangu, siwezi kujidanganya na umeme wa saa nne asubuhi.

Na umeme ukikatika kabisa? Tunashukuru tangu mitambo ya bwawa la Nyerere ianze kuwashwa Februari 2024 mgao ule mkali tumepumzika nao, ila nguzo kuanguka na transfoma kuzingua bado vipo. Kijenereta cha kilowati moja hakiwezi kuianzisha kompresa ya HP 2. Kuchaji betri kinaweza bila shida.

Nimepiga na hesabu ya LUKU. Betri ya 18V yenye 5Ah ina wati-saa 90, ukijumlisha na kinachopotea kwenye chaja ni kama sehemu ya kumi ya yuniti, kwa hiyo yuniti moja unachaji mara tisa hivi. Yuniti hiyohiyo inaendesha kompresa ya kilowati moja na nusu kwa dakika 40. Sio hela ya kumfilisi mtu ila nimeiweka hapa kwa wanaoulizia.

Gerezani

Nimeshuka Kariakoo, mtaa wa Gerezani, nimezunguka maduka nikishika moja moja mkononi. Mambo ya kuangalia ukienda:

Kwenye za betri usisome volti zilizoandikwa kwa herufi kubwa, utakuta 98VF, 128VF, mpaka 288VF, na hiyo "F" ndo inawaokoa waandishi wa boksi. Toa betri uiangalie. Nyingi ndani zina seli tano za lithiamu kwa mstari, kila seli ikijaa ni volti 4.2, tano ni 21, basi, haina volti nyingine iliyojificha humo. Hata ile tofauti ya 18V na 20V kwa nembo kubwa za dunia ni hivyohivyo, seli tano, mmoja anataja volti ya kawaida mwingine anataja ya juu. Alafu mashine nyingi za bei nafuu siku hizi zinatumia umbo la betri ya Makita 18V, hiyo nzuri kwa kuazimana betri na jirani, ila zingine hazina bodi ya kulinganisha seli, zinazeeka upesi. Muulize muuzaji, na uipime uzito, betri nyepesi kupita kiasi seli zake ni chache.

Kwenye Nm tafuta namba mbili, ya kukaza na ya kufungua. Ya kufungua mara nyingi ni kubwa zaidi na ndo wanaiandika mbele. Ya kukaza ndo ya kulinganishia.

Kuna na hizi za waya, za 230V, wati 900 mpaka 1000. Bei yake ni nzuri na hazina betri ya kuzeeka, nimezifikiria kwa dhati kabisa. Kilichonirudisha nyuma ni uzito, waya kuburuzika chini ya gari kwenye oili, na ekstensheni ndefu nyembamba kwenye umeme wangu wa jioni. Pia zenye kaboni (brashi zinazosugua ndani ya mota) zinatoa cheche. Hapo niseme jambo moja la usalama kwa wote, ukishusha tenki la petroli usiwe na mota ya umeme ya aina yoyote karibu, hata ya brashlesi (isiyo na kaboni), pale tumia mkono au upepo. Hiyo ni alama kubwa ya bunduki ya upepo na sijaona watu wanaitaja.

Siku ya majaribio, Noah

Jirani yangu ana kompresa ya lita 50 na bunduki ya nusu inchi, rafiki yangu mmoja akaniazima ya betri, brashlesi, karatasi yake inasema kukaza 330 Nm na kufungua 580. Nikaziweka zote mbili kwenye gari moja.

Nati za tairi, soketi 21. Tairi la kwanza zote mbili hazina shida, ya upepo hata iliwahi kidogo. Tairi la pili ya upepo ikaanza kuchoka kwenye nati za mwisho, kompresa ikawaka, na kelele ya ile pistoni kwenye mabati nyumba nzima ikaamka. Ya betri ina kelele pia, hakuna impakti isiyo na kelele, zote ziko karibu na desibeli 100 kwa hiyo vaa vya masikio kwa zote, ila ya betri inanyamaza ukiachia triga.

Alafu nati ya habu ya mbele, soketi 30, ile ambayo kwenye Toyota nyingi ndogo kitabu kinataka ikazwe 216 Nm. Ya betri ikaitoa kwa sekunde chache. Ya upepo ikagonga, ikagonga, ikakataa. Sikutaka kuihukumu hivyohivyo, nikafunga geji ndogo mwisho wa mpira pale kwenye bunduki. Mtungi unasoma bar 7, ukibonyeza triga kwenye bunduki inashuka chini kidogo ya 5. Mpira ule ni wa milimita 8 kwa nje, ndani tundu ni dogo mno, na kapla zake (viungio vya mpira) nyembamba, ni sawa na kunywa uji mzito kwa mrija wa soda. Tukaweka mpira wenye tundu la milimita 10 ndani, mfupi, na kapla pana, tukasubiri mtungi ujae mpaka 8, nati ikatoka. Kwa hiyo mwenye kompresa nyumbani na anaona bunduki yake dhaifu, kabla ya kununua nyingine abadilishe mpira na kapla.

Hilux

Kaka alikuja mwenyewe kusimamia, "mdogo wangu usinikatie boliti", nikamwambia tulia kaka. Nati za yuboti tulizipulizia dawa ya kutu tangu usiku wa jana yake, tukapiga brashi ya waya kwenye nyuzi, na hii naomba msiiruke, impakti haipendi kupambana na kutu iliyo juu ya nyuzi inayokuja kukwama katikati ya njia.

Ya betri ikafungua karibu zote kwa kupiga vipande vifupi, sekunde tano, pumzika, rudisha mbele kidogo, tena nyuma. Moja upande wa kushoto ikagoma kabisa. Pale tulikuwa na ekstensheni ya sentimita 15 na krosi ya soketi (kiungo kinachopinda) kwa sababu ya nafasi. Impakti inafanya kazi kwa nyundo ya ndani kuigonga fuawe (kipande kinachoshika soketi), pigo fupi kali, na kila kiungo chenye ulegevu katikati kinakula sehemu ya pigo, chuma kinajinyonga kama springi badala ya nati kuzunguka. Tukalegeza shokapu tukapata nafasi, tukatoa ekstensheni na krosi, tukaweka soketi ndefu ya impakti moja kwa moja, nati ikasalimu amri. Bunduki ileile, betri ileile.

Pini za springi ya nyuma upande mmoja zimeshikana na bushi, hizo hazifunguliwi na impakti yoyote ya nusu inchi, ni kukata au presi.

Soketi zenyewe ni zile nyeusi, za chuma cha kromu-molibdenamu. Zile za kung'aa ni za spana ya mkono, zikigongwa na impakti zinaweza kupasuka na kipande kikaruka usoni. Miwani vaa hata kama ni nati moja.

Kukaza

Nati za tairi kwa Noah, IST na Toyota nyingi za aina hii ni 103 Nm. Sasa fikiria bunduki ya 330 inaachiwa kijana anabonyeza mpaka "isikie imekaa". Stadi (boliti zinazoshika tairi) zinavutika, diski ya breki inaweza kupinda usukani ukaanza kutetemeka, na siku ukipata pancha usiku njiani Chalinze wili spana ya kwenye buti haifungui. Hapa nyumbani sheria ni moja, impakti iko kwenye mwendo wa chini kabisa kwa kuleta nati mpaka iguse, kisha toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limeshuka chini tairi ligusane na ardhi. Baada ya kilomita 50 mpaka 100 unarudia kupima. Na toki renchi usifungulie nati, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa ndo uiweke kwenye boksi lake.

Nilichonunua

Ya betri, 18V, brashlesi, nusu inchi, daraja lilelile la 330 Nm, na betri mbili za 5Ah. Bei yake ukiilinganisha na bunduki ya upepo peke yake ni kubwa sana, ukiilinganisha na bunduki ya upepo pamoja na kompresa ya lita 100, mpira mpana, kapla, chujio la maji na oili ya bunduki, ya betri ikawa chini. Watu wengi wanalinganisha bunduki kwa bunduki, hiyo sio haki kwa upande wowote.

Kompresa bado naihitaji, ila ndogo, lita 24, kwa kujaza tairi na kupuliza vumbi la chujio la hewa. (Breki usipulize kwa upepo jamani, vumbi lile linaingia kifuani, nyunyizia breki klina lichuruzike.) Huku Pwani hewa ina unyevu mwingi, ukiibana inaacha maji kwenye mtungi, kwa hiyo kila ukimaliza kazi fungua koki ya chini yatoke, mtungi ukioza kwa ndani huoni kwa nje na siku ukipasuka ni bomu. Valvu ya usalama nayo ivute pete yake mara kwa mara uone kama inapumua. Mwenye bunduki ya upepo aongeze matone machache ya oili kwenye mlango wa hewa kila kabla ya kazi.

Kama ningekuwa nafungua gereji ya biashara, gari sita kwa siku, kupaka rangi, kusaga, ningejenga mfumo wa upepo bila kusita, kompresa kubwa ya mkanda na bomba ukutani. Kwa gari mbili za familia na kazi za jioni, jibu langu ni betri na sitikisiki.

Betri nimezitengenezea rafu ndani ya nyumba, sio gereji, mabati yetu saa nane mchana hayana huruma na lithiamu haipendi joto. Chaja yenyewe ikiona betri ya moto inakataa kuchaji mpaka ipoe, na kama hutumii kwa muda iache nusu, usiiweke ikiwa imejaa wala imekauka.

Springi na bushi za Hilux zimeagizwa, wikendi ijayo tunakata zile pini. Mwenye vipimo vya kukaza yuboti za nyuma za Hilux ya miaka ya 2000 kutoka kwenye kitabu chenyewe aviweke hapa, nataka nivibandike ukutani kabla hatujafunga.